Sweta la Mwezi wa Kumi

Mwezi wa kumi, Mabatini, mawe yanahema joto hadi usiku wa manane,
na mdogo wangu Nkwimba kavaa sweta.
Nikamuuliza, hulioni jua?
Akasema, nasikia baridi.
Nikamwamini.
Mimi, Milembe, mpima dagaa wa Mwaloni,
nikiligusa gunia kwa kiganja tu najua limetiwa mchanga,
niliamini sweta.

Ilianza na Kwaresima, hakuna aliyeshtuka.
Pasaka ikafika, tukachinja, tukala,
yeye akabaki jangwani peke yake.
Mama wa kwaya akamshika kiuno: umependeza, tupe siri!
Siri.
Neno likazungushwa mezani kama bakuli la mchuzi,
kila mtu akajipakulia kicheko.

Alikuwa na ufundi wake.
Tonge lilimegwa, likafinyangwa, likazunguka sahani nzima
likarudi jikoni halijaonja mdomo.
Sato alitolewa miiba mmoja mmoja, kwa subira ya fundi saa,
kisha akapewa paka.
Paka akanenepa.
Tukamcheka paka.

Shangazi alikuja kutoka Magu na mfuko wa michembe na lawama:
njaa ya kujitakia!
Sisi mwaka ule wa ukame tulichemsha mizizi,
wewe unakiringia chakula?
Baba akasema, ni tumbo.
Katekista akasema, pepo.
Muuza dawa wa pale njiapanda akasema minyoo, akatuuzia vidonge.
Kila mmoja na kipande chake cha ugonjwa
na sweta likiwa mbele yetu, limefungwa vifungo vyote.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, juu ya lile jiwe pana
tulilokuwa tukianikia viazi utotoni.
Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umekunjwa. Alijisahau.
Sitasema nilichoona.
Nitasema tu kwamba ziwa huko chini lilikuwa jeupe kama bati,
mwewe walikuwa wanazunguka juu ya Mwaloni,
na mimi niliketi kando yake kwa sababu magoti yalikataa.
Akaushusha mkono wa sweta, polepole,
kama mtu anayefunga duka.

Bugando, chumba cha mwisho kwenye korido,
muuguzi Bhoke aliigeuzia mizani ukutani.
Hakuuliza kilo.
Aliuliza: ukijiumiza, ni nini unataka kinyamaze?
Kisha, kwa sauti ileile ya kuuliza kama chai iongezwe sukari:
umewahi kutaka kufa?

Nilitaka kumziba mdomo.
Kwetu jambo likitajwa limeitwa.
Lakini Nkwimba alishusha pumzi
kama aliyetuliwa ndoo kichwani baada ya kupanda mlima wote.
Ndiyo, alisema. Si kila siku.

Si kila siku!
Na mimi nililala naye chumba kimoja siku zote hizo.

Bhoke akanigeukia:
Dada, hawa ni kama Kulwa na Doto.
Ukimwona Kulwa anakataa chakula,
uliza Doto yuko wapi.
Kuuliza hakumwiti. Alikwishafika.

Basi siku hizi nauliza.
Taa ikizimwa, kutoka godoro hadi godoro:
Doto kaja leo?
Kuna usiku anajibu, kaja, kakaa mlangoni,
nami naburuta godoro langu hadi yagusane.
Kuna usiku anasema, niache nilale, dada,
namwacha, na silali.
Kuna Jumanne moja alinitukana, akalia, akanitukana tena,
tukarudi Bugando kwa miguu, hatusemeshani,
nimemshika kidole kimoja tu.

Sokoni watu bado wananiambia mzigo huu mwepesi, ule mzito.
Naweka, naondoa, naandika.
Sijui tena kama najua kupima.

Leo asubuhi alichovya mchembe kwenye chai.
Akautazama muda mrefu. Chai ikapoa.
Paka alisubiri chini ya meza.
Akapata nusu.
Sweta bado kalivaa.
Nusu tu, paka wewe. Nusu.